Mtoto aliyefiwa si mkaidi
Mzazi anapofariki, mtoto anaweza kuanza kukojoa kitandani, kuota ndoto za kutisha au kupigana shuleni. Usikimbilie fimbo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihusisha watoto 640 waliofiwa na wazazi, Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya. Washauri wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa waliendesha vikao 12: mtoto alijifunza kutuliza hofu, kisha kusimulia msiba wake kidogo kidogo. Walezi nao walishiriki. Katika maeneo matatu kati ya manne, walipata nafuu kuliko waliopata huduma za kawaida.

Kwa hiyo mwanao akilia kikaoni, usimwachishe; hudhuria nawe. Akitaja kujiua, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.