Wasio na Makao Katika Mji wa Kamari

Mara nyingi nasikia watu wema, tena wasomi, wakisema juu ya mji wa Las Vegas, katika jimbo la Nevada huko Marekani, ya kuwa walalao njiani kule wamejitakia: walicheza kamari wakapoteza mali, basi na wavune walichopanda. Neno hili ni jepesi kinywani, nalo humstarehesha asemaye, maana humwondolea kazi ya kuuliza. Nami nalipinga.

Sisemi kamari haina madhara. Nevada iliihalalisha mwaka 1931, na wako waliopoteza mshahara, kisha gari, kisha nyumba, mbele ya mashine isiyosinzia. Lakini mwaka 2024 mji ule ulipokea wageni zaidi ya milioni 40. Wengi walicheza, wakaliwa fedha zao, wakarudi kwao kulala vitandani mwao. Tena San Francisco na Seattle si miji mashuhuri kwa kamari. Mbona nayo ina maelfu walalao nje? Na ulevi je? Mlevi alipaye kodi huitwa mlevi tu. Akishindwa kodi ndipo aonekanapo barabarani.

Tuitazame kodi basi. Atandikaye vitanda hotelini, aoshaye vyombo, achukuaye mizigo, wengi wao huishi kwa mshahara na bahashishi, nayo bahashishi hupungua wageni wapunguapo. Kwa hesabu ya mwaka 2024, katika Nevada nzima nyumba ambazo kaya maskini kabisa zingeweza kuzipata na kuzilipia hazikufika 20 kwa kila kaya 100. Waliosalia hulipa kupita uwezo wao mpaka siku washindwapo, hata kama hawajagusa karata maishani.

Siku hiyo ikifika, sheria haina subira. Mwenye nyumba hutoa ilani ya siku saba za mahakama. Mpangaji asipopeleka jawabu lake kortini kwa maandishi, hakimu aweza kuamuru atolewe pasipo kumsikiliza. Ajabu kweli: adaiwaye ndiye sharti atangulie kwenda kortini!

Machi 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, serikali ya jimbo ilifunga mahoteli na nyumba za kamari. Aprili karibu watu 3 katika kila 10 wa Nevada wenye kutaka kazi hawakuwa nayo. Mwishoni mwa Machi hifadhi ya Wakatoliki ya kulaza maskini ilifungwa kwa muda, baada ya mgonjwa kuonekana humo. Wakuu wakawapeleka watu kwenye uwanja wa kuegeshea magari, wakachora mistari myeupe juu ya lami, kila mtu na kipande chake, wakalala humo. Wakati ule ule mji ulikuwa na vyumba vya wageni vipatavyo 150,000, karibu vyote vitupu. Ni karata gani iliyofanya hayo?

Miezi michache kabla, Novemba 2019, baraza la mji lilikuwa limetunga sheria ya kumwadhibu alalaye njiani ilhali hifadhi ina kitanda: faini hata dola 1,000, au kifungo hata miezi sita. (Mwenye dola 1,000 asingelala njiani.) Wengine, tangu miaka mingi, hujificha chini ya ardhi katika mifereji mikubwa iliyojengwa kupitishia mafuriko, na mingine yapita chini ya mahoteli yenyewe. Jangwa lile hunyewa mara chache, lakini mvua ikija huja kwa ghafula, na maji yamekwisha kuwaua watu humo.