Mtoto hashiki masomo? Mwache atunge kisa

Dada yangu anaishi Japani na mumewe, na binti yao yuko darasa la pili huko. Majuzi alinipigia simu akiwa amekata tamaa. "Mwanangu ni mzito," aliniambia. "Anaandika kanji moja mara ishirini, asubuhi ameisahau. Na mimi mwenyewe siijui, nitamsaidiaje?"

Mzazi mwenzangu, usimhukumu mtoto huyo haraka. Kanji ni alama inayobeba maana, si sauti tu kama herufi zetu. Shule za msingi za Japani hufundisha kanji 1,026 kwa miaka sita: 80 darasa la kwanza, 160 darasa la pili, na mzigo unaendelea. Nyingine zinafanana mno. Binti alikuwa akichanganya 休, "kupumzika", na 体, "mwili". Tofauti yake ni kimstari kimoja tu.

Jirani yao, mama mtu mzima, ndiye aliyewaonyesha njia: badala ya kukariri mistari, tungeni visa.

木 ni mti. Miti miwili, 林, ni kijisitu. Mitatu, 森, ni msitu. Na 休 ni mtu kando ya mti. "Huyu ni babu," dada akamwambia binti, "amepumzika chini ya mwembe." Je, 体? Binti akajibu mwenyewe: "Hapa mti umefungwa mkanda, na mkanda tunafunga mwilini!" Tangu siku hiyo hajazichanganya tena.

Kisha wakafika kwenye 親, yaani mzazi. Ndani yake mna 立, kusimama, 木, mti, na 見, kutazama. Wajapani wengi huwaeleza watoto kwamba mzazi amesimama juu ya mti, anamwangalia mwanawe kwa mbali. Huenda asili ya kanji hiyo si hiyo, lakini kisa kinakaa kichwani. Dada alicheka kwa aibu. "Mimi sikuwa juu ya mti," aliniambia. "Nilikuwa nimemsimamia mgongoni, namfokea."

Ukitaka kujaribu, mwache mtoto atunge kisa chake mwenyewe, hata kama kwako ni cha kipuuzi. Chukueni kanji mbili au tatu kwa siku. Muulize kesho yake, kisha baada ya wiki. Na daftari lisiwekwe kando, kwa sababu kisa hukumbusha maana, hakifundishi matamshi. 休 husomwa "yasu" katika yasumu, kupumzika, lakini "kyuu" katika kyuujitsu, siku ya mapumziko. Hayo huja kwa kusoma maneno yenyewe na kuandika kwa mkono.

Binti bado anakosa baadhi ya maswali. Ila sasa jioni yeye ndiye mwalimu, na mama yake ndiye mwanafunzi. Mama akikosea, anaamriwa aandike mara tano.