BATI JEMBAMBA NI MSHAHARA ULIOIBWA MARA YA PILI



Wako watu wanaotuuliza: "Chama cha wafanyakazi kina shauri gani na mabati? Kazi ya chama ni mshahara na saa za kazi. Nyumba ya mtu kule Kitui au Makueni ni shauri lake na jamaa yake." Maneno haya matajiri huyapenda sana, na yasikitisha kuyasikia pia vinywani mwa wanachama wenzetu. Leo twayajibu.

Mfanyakazi wa Ukambani hupeleka wapi jasho lake? Awe bandarini Mombasa, awe kiwandani Athi River, awe Nairobi akilinda lango la mtu, pale anapolala hupaita chumba. Nyumba ni ile ya Mutomo, ya Mwingi, ya Kibwezi au ya Wote. Miaka na miaka huweka shilingi kando ili siku moja aondoe nyasi na kupandisha bati. Basi paa lile ni mshahara wake uliogeuka kuwa chuma. Anayeliharibu paa lile anauharibu mshahara. Na kama mshahara ni kazi ya chama, paa nalo ni kazi ya chama.

WIZI WA KWANZA: KAZINI

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema kwamba mwajiri atampa mfanyakazi nyumba ya kufaa, au atamlipa fedha za kutosha za kodi ya nyumba juu ya mshahara wake. Lakini kifungu hicho hicho kimeacha mlango: mkataba ukisema kwamba fedha za nyumba zimo ndani ya mshahara, basi mwajiri amemaliza. Ndiyo maana matajiri wengi hupenda kuandika "mshahara pamoja na vyote". Hivyo vyote viko wapi? Fedha za nyumba zimemezwa humo na hakuna anayeziona. Mtu hulipa chumba cha mjini, hulipa karo, hula, na kinachobaki ndicho kinachokwenda kununua mabati. Anayenunua kwa makombo hununua bati la makombo.

WIZI WA PILI: DUKANI

Hesabu ya geji huenda kinyume, na kinyume hicho kimewapoteza wengi. Namba ikipanda, bati linapungua. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Asiyejua husikia 32 akadhani amepata zaidi, kumbe amepunguziwa. Tena wako wauzaji wanaotaja geji moja na kukabidhi nyingine, kwa kuwa macho peke yake hayawezi kupima tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita. Na wako wenzetu wanaonunua rangi. Bati jekundu hupendeza barabarani, lakini rangi haizuii upepo.

Twaambiwa: "Ukambani ni nchi ya jua, bati lolote latosha." Aliyesema hivyo hajaona upepo unaotangulia mvua huko nyanda za chini. Upepo huingia chini ya ukingo wa paa ukalinyanyua. Bati jembamba huchanika penye msumari, nalo likichanika moja, jirani yake hufuata. Wala usidhani umeokoa fedha. Bati jembamba hulegea kati ya mbao, kwa hiyo lataka mbao za karibu karibu, na ulichokiacha kwa muuza mabati wakimaliza kwa muuza mbao. Baada ya miaka michache mfanyakazi aezeka tena. Amenunua paa moja kwa bei ya mawili.

PAA NI KISIMA

Liko jambo kubwa zaidi. Mama zetu na dada zetu huteremka mtoni Tiva na mito mingine ya mchanga, wakachimba mchangani na kusubiri maji yajikusanye, kisha hupanda kilima na mitungi mgongoni. Na juu ya vichwa vyao nyumbani liko bati lililomwaga maji bure usiku kucha!

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita 10 kwa mita 6 ina mita 60 za mraba. Mvua za mwisho wa mwaka, ambazo ndizo tegemeo letu Ukambani, zikileta milimita 300, paa hilo limepokea lita 18,000. Toa sehemu moja ya tano iliyopotea njiani, zabaki lita 14,400. Hiyo ni mitungi 720 ya lita 20. Ni safari ngapi za mtoni hizo? Paa lisilo na mifereji na tangi ni nusu ya paa, na nusu iliyokosekana hubebwa na mgongo wa mwanamke.

MAKATO YA NYUMBA

Tangu Julai 2023 serikali ilianza kukata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba, na mwajiri akatakiwa kutoa kiasi hicho hicho. Mahakama Kuu ilisema mwezi Novemba 2023 kwamba makato hayo yalikwenda kinyume cha Katiba; yakasimama Januari 2024; yakarudi kwa sheria mpya mwezi Machi 2024. Anayepata shilingi 20,000 hukatwa 300 kila mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Hatupingi wenzetu wa mjini kupata nyumba. Twasema hivi: anayekatwa kwa ajili ya nyumba, na nyumba yake iko Ikutha, ana haki ya kuona fedha zake zikifika Ikutha. Twataka mkopo wa paa na tangi, wenye riba ndogo, uwe jambo linalotangazwa kwenye lango la kila kiwanda.

TUFANYE NINI

1. Katika mapatano yajayo na waajiri, fedha za nyumba ziandikwe peke yake, kwa hesabu inayosomeka, nje ya mshahara.

2. Mabati yanunuliwe kwa pamoja kupitia vyama vyetu vya akiba na mikopo. Mtu mmoja akinunua mabati 20 hupangiwa bei. Watu 50 wakinunua 1,000 hupanga bei wao.

3. Mnunuzi adai risiti iliyoandikwa geji, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango. Bati lipimwe kabla ya kupakiwa garini. Asiyetaka lipimwe ana sababu yake.

4. Fundi apigilie msumari juu ya mgongo wa bati, pasipopita maji, si bondeni. Kenchi zifungwe ukutani kwa ukanda wa chuma. Mifereji iwekwe siku ile ile, isiahirishwe mpaka "mwakani".

5. Turudishe mwethya. Kwa mwethya matuta ya mashamba yalichimbwa Machakos na Makueni miaka ya 1950. Kwa mwethya watu kumi waweza kuezeka nyumba kumi, moja baada ya nyingine, na mjane asiachwe nyuma.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, wazee wetu, waume kwa wake, walikwenda Nairobi pamoja na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko wiki nyingi. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini amri ile ya kuuza ng'ombe kwa nguvu ililegezwa. Hawakwenda mmoja mmoja, kila mtu kulilia ng'ombe wake. Sisi nasi tusiende dukani mmoja mmoja, wala tusiende kwa tajiri mmoja mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kila tawi lijadili mambo haya katika mkutano wake ujao na kuleta majibu kwa maandishi, kabla mvua hazijaanza.

UMOJA NI NGUVU.