Pilau ya Geita ni soko la mkulima wa mpunga

Kwa mama lishe wa mjini Geita, vyakula vyenye asili ya Asia havikosekani: pilau, chapati na sambusa. Wapo wanaobeza kuwa hivyo si vyakula halisi vya Kihindi. Kweli, vimebadilika. Chapati ya kila siku kule India ni ya unga wa ngano usiokobolewa, nayo huivishwa kwenye chuma kikavu. Ya hapa ni ya unga mweupe, hukunjwa kwa mafuta na kukaangwa. Pilau nayo haisubiri mchele wa basmati. Supa kutoka majaruba ya Geita, Kahama na Shinyanga inatosha.

Kwa mkulima, mabadiliko hayo ni fedha. Sahani ya pilau inamlipa mkulima wa jirani, wakati sehemu kubwa ya ngano ya chapati huagizwa kutoka nje.

Lakini soko hilo linaweza kupotea. Supa ikichanganywa na SARO 5, mbegu yenye mavuno makubwa iliyotolewa mwaka 2002, punje haziivi pamoja na pilau huharibika. Mawe nayo humfukuza mteja. Mama lishe akichoka, atanunua mchele wa Mbeya.

Wakulima watenganishe mbegu tangu shambani, waanike mpunga kwenye maturubai na kukoboa kila aina peke yake. Wakiungana katika vikundi, wanaweza kumuuzia mpishi moja kwa moja badala ya kuuza mpunga kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno.