Mwaka wa Kwanza Chuoni Si Mapumziko

Wazazi wengi hushusha pumzi mtoto anapopata chuo, wakidhani mlima ameshaupanda kidato cha sita. Ratiba yake yaonekana nyepesi: mihadhara michache, mchana mtupu. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea.

Katika vyuo vikuu vya Tanzania, mwaka mmoja wa shahada kwa kawaida una krediti 120, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi. Jumla saa 1,200. Sehemu kubwa ya saa hizo haimo darasani. Ni za maktaba, mazoezi na kujisomea, bila kengele wala mwalimu wa zamu.

Basi, ewe mzazi, usimwite nyumbani kwa kila shughuli katikati ya muhula. Unapompigia simu, usiishie kwenye fedha za matumizi. Muulize jioni zake huzitumiaje. Kijana aliyelelewa kuigawa siku kwa swala tano tayari anao msingi: baada ya Alfajiri afungue kitabu, baada ya Isha arudie aliyofundishwa.

Wakati ni amana, nasi tutaulizwa. Mwenyezi Mungu awaruzuku wanetu elimu yenye manufaa. Amin.