Yoti na Jahazi

Wako wadhanio kuwa yoti ni yoti kwa ukubwa wake. Sivyo. Neno hilo latokana na "jacht" la Kiholanzi, lenye asili ya kuwinda: chombo chepesi cha kufukuzia wengine. Mwaka 1660 Waholanzi walimtunukia Mfalme Charles II wa Uingereza yoti iitwayo Mary, naye akaifanya ya kustarehea.

Basi tofauti ni kazi, si umbo. Jahazi la Lamu lililosheheni boriti laweza kuzipita yoti nyingi kwa urefu, lakini lenyewe lachuma riziki. Yoti hula mali ya mwenyewe. Jahazi humlisha nahodha, mabaharia na watoto wao. Vijana wanaolionea haya tanga la baba zao, wanaona haya ya nini?