Gemu: Tunauziwa sura, kisa tunakiruka

NDUGU msomaji, pita leo jioni kwenye kibanda chochote cha gemu mtaani kwako ujionee mwenyewe. Wawili wanacheza, kumi wako kwenye benchi wanabishana. Wanabishania nini? Gemu ipi ina picha kali, nyasi za uwanja zinavyoonekana kama za kweli, jasho linavyomtiririka mchezaji shingoni. Siku mwenye kibanda akiweka gemu yenye kisa ndani yake, watu wakaanza kuzungumza kwenye kioo, benchi zima linapasuka: "Ruka hiyo! Bonyeza, twende kwenye vita!"

Mimi nimekaa kwenye benchi hilo miaka mingi, na nimeruka visa visivyo na idadi. Leo nasema hadharani, bila kumung'unya maneno: tumeliwa. Tumelipia ganda, tunda tumelitupa jalalani.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kila mwaka tunaletewa gemu ileile ya mwaka jana iliyopakwa rangi mpya, nasi tunashangilia kama tumegawiwa viwanja. Ukiuliza gemu yenyewe inasema nini, unaambiwa wewe mshamba, hujui mambo. Nani mshamba hapa? Anayeuliza kilichomo ndani ya gunia, au anayelipa kwa kuangalia gunia?

Turudi nyuma kidogo. Kaka zetu waliocheza gemu za kaseti miaka ya tisini wanaikumbuka Super Mario Bros., iliyotoka Japani mwaka 1985. Gemu nzima, na hatua zake zote 32, ilienea kwenye kilobaiti 40. Picha moja tu unayopiga kwa simu yako leo inaweza kuwa nzito mara hamsini ya hapo. Nafasi ilikuwa finyu kiasi kwamba wingu la juu na kichaka cha chini ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi! Mafundi wale hawakuchagua picha za mirabamiraba kwa mapenzi. Mashine ilikuwa maskini. Lakini umaskini ule uliwalazimisha kujiuliza jambo la maana: kama sina sura ya kuuza, nitamshika mchezaji kwa kitu gani?

Sasa wapo watengenezaji wa leo wanaoweza kuchora kila unywele wa kichwa, na bado wamechagua kurudi kwenye mirabamiraba ile. Kijiweni wanachekwa. Mimi nasema tuwasikilize kwanza.

Mchukue Mmarekani Toby Fox. Mwaka 2013 alichangisha fedha kwa watu kupitia intaneti, akapata dola 51,000 na ushee. Mwaka 2015 akatoa gemu ya Undertale, ambayo sehemu kubwa aliitengeneza mwenyewe, muziki ukiwemo. Ukiiona sura yake utadhani imeokotwa kwenye kaseti ya zamani. Wewe ni mtoto uliyetumbukia chini ya ardhi kwenye nchi ya mazimwi. Kila zimwi unalokutana nalo unaweza kuliua, kama ulivyozoea. Lakini pia unaweza kuongea nalo, kulitania, kulisamehe, ukamaliza gemu nzima bila kuua hata mmoja. Na ukimuua yule mama aliyekupokea na kukutunza, kisha ukajuta, ukazima na kurudia ili safari hii umwache hai, gemu inakusuta. Inakwambia inajua ulichofanya mara ya kwanza. Niambie, hizo gemu zako za picha kali, ni lini zimewahi kukuuliza juu ya maiti ulizoziacha nyuma?

Lakini iliyonipiga mimi ngumi ya uso ni nyingine. Inaitwa Papers, Please. Ilitoka mwaka 2013, na mtunzi wake ni Lucas Pope, mtu aliyewahi kufanya kazi Naughty Dog, studio inayosifika duniani kwa picha za kupendeza. Akaondoka huko, akatengeneza peke yake gemu ya rangi ya majivu, yenye nyuso zilizochorwa kwa vitone vikubwa.

Ndani ya gemu hiyo mwaka ni 1982, na wewe ni ofisa wa mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka. Mwanzoni huna bunduki, huna gari. Una meza, kitabu cha kanuni na mihuri miwili: ruhusa na kataa. Watu wanakuja mmoja mmoja na pasi zao, unakagua, unagonga. Unalipwa kwa kila mtu uliyemshughulikia sawasawa. Ukikosea, karatasi ya onyo inatoka kwenye mashine. Mbili za kwanza kwa siku ni onyo tu, kuanzia ya tatu unakatwa mshahara. Nyumbani una mke, mtoto wa kiume, mama mkwe na mjomba. Jioni unagawa vijisenti: kodi, chakula, moto wa kupasha nyumba, na dawa kama kuna mgonjwa. Havitoshi. Ni maisha gani hayo ambayo mlalahoi hayajui?

Nilianza nikiwa mtu safi. Nikakosa hela ya moto, mjomba akaugua, akafa. Kisha akaja askari mmoja wa pale pale mpakani na ofa yake: yeye analipwa ziada kwa kila mtu anayewekwa ndani, basi nikimpelekea watu wengi, tutagawana. Nikakubali. Awali niliwatoa wenye hatia tu. Baada ya siku chache nikajikuta namtafutia mtu kosa, tarehe imepishana kidogo, jina limeandikwa vibaya, nami nabonyeza kengele aje kubebwa. Mimi huyu huyu ambaye kijiweni ndiye msemaji mkuu wa kulaani wala rushwa! Hakuna aliyenitolea hotuba. Gemu ilinipa njaa na muhuri, ikanyamaza, ikaniangalia. Usiku ule nilizima kompyuta yangu ya mtumba na sikulala upesi.

Jumapili iliyofuata niliibeba hadi kijiweni. Wengi Kiingereza kinatupiga chenga, kwa hiyo mmoja wetu akawa anatafsiri kwa sauti, kama wale wanaotia maneno ya Kiswahili kwenye sinema za kigeni vibandani. Walicheka hadi machozi pale mzee mmoja alipotoa pasi aliyojichorea mwenyewe, ya nchi isiyokuwepo duniani. Kisha akaja mwanamume, karatasi zake safi, akaomba mkewe anayefuata nyuma atendewe wema. Mke akafika hana kibali cha kuingia. Akasema akirudishwa kwao atauawa.

Benchi likagawanyika. Mmoja akasema sheria ni sheria, leo huyu, kesho atakuja jambazi na kilio hicho hicho. Mwingine akamjibu kuwa hiyo ndiyo nidhamu ya woga, ukiogopa karatasi kuliko damu ya mtu. Wa tatu akauliza, watoto wako wakilala njaa kwa ajili ya huyo mama, utawaambia nini? Tulibishana hadi kiza kikaingia. Hakuna aliyesema "ruka".

Ndugu msomaji, hapo ndipo ninapokusudia kufika. Kisa cha gemu si kama kisa cha sinema. Kwenye sinema anayegonga muhuri ni mtu mwingine, nawe unamlaani ukiwa umekaa starehe. Kwenye gemu kidole ni chako. Ukikiruka kisa, unatupa kitu pekee ambacho gemu inakupa na sinema haiwezi.

Najua nitajibiwa: "Sisi tumeshinda juani kutwa, tunataka kupumzika, usituletee darasa." Haki yenu. Mimi mwenyewe napiga mpira wa kwenye kioo na sitaacha. Wala sisemi picha kali ni dhambi. The Last of Us ya mwaka 2013 ina picha nzuri na kisa chenye uzito, tena ilitoka studio ile ile ya Naughty Dog. Ninachokataa ni kuhesabu picha kuwa ndiyo gemu.

Na tusije tukatoka shimo moja tukaingia jingine. Si kila chenye sura ya kizamani kina roho. Wapo wanaochukua vitone na vimuziki vya kaseti, wakatuuzia utoto wetu wenyewe kwa bei mpya, ndani hamna kitu. Hata wakubwa wanaijua biashara hiyo. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ilikuwa gemu moja. Ilipoamuliwa kutengenezwa upya ikapangwa sehemu tatu, ya kwanza ikatoka 2020 na ya pili 2024, kila moja na bei yake. Itakuwa nzuri, sikatai, lakini anayenunua kumbukumbu naye afungue gunia kabla ya kulipa.

Kipimo changu ni kimoja. Ukizima mashine, kuna jambo ulilolifanya mle ndani ambalo bado linakusumbua au kukufurahisha? Kama lipo, hiyo ni gemu, hata iwe na vitone vikubwa kama punje za mahindi. Kama halipo, umenunua taa.

Mwisho, kwa wale wenye vipaji vya kuchora na kutunga waliojaa mitaani kwetu. Mtu mmoja aliyeketi na kompyuta yake aliweza kuutikisa ulimwengu kwa mihuri miwili. Visa vya kaunta, vya foleni, vya "njoo kesho", nani anavijua kuliko sisi? Tukae tukisubiri mashine ya mamilioni, au tuanze na vitone? Nani atavitunga visa hivyo kwa Kiswahili kama si nyinyi?

Huo ndio ukweli wangu. Anayekasirika na akasirike, lakini leo jioni, kabla hajabonyeza "ruka", asome kwanza.